Dakika si senti

Juma hili nitazungumzia kosa langu mwenyewe, maana lingeweza kutupoteza watu watano baharini.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda kuvua Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo tambarare ambacho ramani za bahari hukiita Latham. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuingiza nambari kwenye GPS. Ramani ilisema digrii 6 dakika 54 kusini, digrii 39 dakika 56 mashariki. Nikabonyeza 6.54 na 39.56, nikajiona fundi. Nahodha akatazama mshale, akatazama dira, akaniuliza: "Mwanangu, Fungu limehama lini? Hiki kitu chako kinatupeleka kaskazini mashariki."

Alisema kweli. Mashine ilikuwa imewekwa isome digrii kwa desimali, yaani kwa sehemu za mia, kama shilingi na senti zake. Lakini digrii moja ina dakika 60, kama saa. Kwa hiyo 54 unaigawa kwa 60, unapata 0.9; latitudo sahihi ni 6.9. Dakika 56 nazo ni 0.933. Ile 6.54 yangu, kwa lugha ya ramani, ni digrii 6 dakika 32.4. Na dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1,852. Basi nilikosea maili 21.6 upande wa kaskazini peke yake, kilometa 40, bado sijahesabu magharibi!

Sekunde zina hila zaidi, kwani kosa lake ni dogo, halishtui. Dakika 54 na sekunde 30 ni 54.5, si 54.30. Ukichanganya umepotea mita 370, na usiku hizo zinatosha kukupandisha mwambani.

Tena GPS hutumia vipimo vya WGS 84, na ramani nyingi za zamani za nchi kavu za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960. Nambari zile zile, mahali mbalimbali kwa kama mita 300. Vipimo vilivyotumika huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa ramani, pale tusipopasoma.

Nahodha aliibadilisha mashine isome digrii na dakika, kugawa kukaisha. Kwenye redio pia hutamka "digrii sita, dakika hamsini na nne." Anayeomba msaada kwa "sita nukta hamsini na nne" anawatuma waokoaji kwingine.

Fungu tulifika saa tano asubuhi, ndege wamejaa.