Wakili wa Bombay na saini za wajane watatu

MUTANGA NORD, BUJUMBURA. Katika nyumba nyingi za mtaa huu, jirani na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, kuna bahasha ambayo haifunguliwi mara kwa mara. Ndani yake kuna hati ya kiwanja, mkataba wa duka, karatasi za gari na risiti za forodha za Kobero au Gatumba. Si ajabu ukakuta karatasi zote zina jina moja tu, la baba mwenye nyumba, ingawa mama ndiye anayepanda basi kwenda Dar es Salaam au Kampala kufuata mzigo.

Siku baba akifariki, bahasha hiyo hufunguliwa. Matanga hayajaisha, shemeji mmoja anakuja na karatasi mpya na kalamu. Mjane anaambiwa aweke saini tu, mengine ukoo utayashughulikia.

Hapo ndipo inapoanzia riwaya moja ya upelelezi ambayo mfanyabiashara wa mpakani, mwanamke au mwanamume, angefaidika kuisoma safarini. Inaitwa The Widows of Malabar Hill. Imeandikwa kwa Kiingereza na Sujata Massey, mwandishi anayeishi Baltimore nchini Marekani, na ilitoka mwaka 2018. Ilipata Tuzo ya Agatha kwa riwaya bora ya kihistoria, na baada yake zimefuata nyingine, zikiwemo The Satapur Moonstone (2019), The Bombay Prince (2021) na The Mistress of Bhatia House (2023).

Mpelelezi wake si polisi wala jasusi. Ni Perveen Mistry, mwanasheria mwanamke wa jamii ya Waparsi katika jiji la Bombay mwaka 1921. Amesoma Oxford, anafanya kazi katika ofisi ya baba yake, lakini mahakama za Bombay hazijamruhusu mwanamke kusimama mbele ya jaji. Kazi yake ni ya mezani: kusoma mikataba, kuandaa wasia, kukagua nyaraka za mirathi.

Kesi inaanzia mezani hapo hapo. Tajiri mmoja wa Kiislamu mwenye kiwanda cha nguo amefariki na kuacha wajane watatu, Razia, Sakina na Mumtaz. Msimamizi wa nyumba analeta barua kwamba wote watatu wamekubali kutoa mali waliyoachiwa iingizwe kwenye wakfu. Perveen anaitazama barua na kushtuka. Mmoja wa wajane hakuandika jina, ameweka alama ya msalaba tu. Kama hajui kuandika, alijuaje alichokubali?

Wajane hao wametawishwa. Hawaonani na mwanamume asiye maharimu wao, hivyo hakuna wakili mwanamume anayeweza kuketi nao kuwaeleza maana ya karatasi. Perveen anaweza. Anapita sehemu ya wanawake, anazungumza na kila mmoja peke yake, na kila mmoja anamweleza jambo ambalo mwenzake halijui. Muda si mrefu mtu anauawa ndani ya nyumba ile. Nani kaua, na kwa nini, msomaji atayapata kitabuni.

Maneno yetu wenyewe

Msomaji wa Kiswahili ana nafuu ambayo msomaji wa London au Chicago hana. Mahari, wakfu, eda, mirathi, kutawishwa: mambo ambayo mgeni lazima aelezwe, mtu wa Buyenzi, Ujiji, Mombasa au Unguja anayajua kwa majina yake. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na Bombay yenyewe si mji wa mbali katika kumbukumbu za biashara zetu. Majahazi yalibeba nguo na nafaka kati yake na Unguja kwa vizazi vingi.

Tofauti nyingine ni ya mpelelezi mwenyewe. Wapelelezi waliopata umaarufu mkubwa katika riwaya za Kiswahili ni wanaume: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwandishi aliyezaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, si mbali na mpaka wa Burundi. Gamba anaingia kwa bastola. Perveen anaingia kwa kuuliza nani aliandika karatasi hii, nani atanufaika nayo, na aliyeisaini alisomewa kwa lugha gani.

Mwanamke halisi nyuma ya hadithi

Massey hakumtunga Perveen kutoka hewani. Wapo wanawake wawili waliomtangulia katika maisha ya kweli. Wa pili kwa umri ni Mithan Tata Lam, mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya uwakili katika Mahakama Kuu ya Bombay. Wa kwanza ni Cornelia Sorabji, aliyezaliwa Nashik mwaka 1866.

Sorabji aliingia Chuo cha Somerville, Oxford, mwaka 1889, na mwaka 1892 akawa mwanamke wa kwanza kufanya mtihani wa shahada ya sheria chuoni hapo. Alifanya mtihani, lakini shahada hakupewa, kwa sababu Oxford wakati huo haikuwapa wanawake shahada. Aliipokea mwaka 1922, miaka 30 baadaye. Sheria iliyowafungulia wanawake wa India milango ya uwakili ilipitishwa mwaka 1923.

Hakukaa akisubiri miaka hiyo yote. Kuanzia mwaka 1904 aliajiriwa na serikali kuwa mshauri wa sheria wa wanawake waliotawishwa huko Bengal na majimbo jirani. Inakadiriwa aliwasaidia wanawake na yatima zaidi ya 600. Wengi walikuwa na mali kwenye vitabu, lakini mikononi hawakuwa na kitu, kwa kuwa kila karatasi ilipitia kwa jamaa au karani.

Mahakama za India za enzi hizo ziliweka kanuni inayofaa kukumbukwa. Mwanamke aliyetawishwa akisaini hati, mzigo wa kuthibitisha haukuwa wake. Anayenufaika na hati ndiye aliyepaswa kuonyesha kwamba mwanamke huyo alielezwa yaliyomo na akayaelewa. Saini peke yake haikutosha.

Upande huu wa mpaka na ule

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Forodha zimesogeleana, lakini sheria za mirathi hazijasogeleana hivyo. Katiba ya Burundi inatamka usawa wa raia wote, lakini nchi haijapata sheria iliyoandikwa ya mirathi. Muswada umezungumzwa kwa miaka mingi, na mashambani mgawanyo wa ardhi bado hufuata mila, ambayo humpa mtoto wa kiume nafasi ya kwanza.

Ng'ambo ya Kanyaru, Rwanda ilipitisha mwaka 1999 sheria iliyowapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya kurithi. Kenya ina Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981.

Tanzania ina hukumu inayojulikana sana. Mwanamke mmoja wa mkoani Kagera, mkoa huo huo ambao malori ya Kobero huingilia, aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wasia. Alipoliuza, ndugu wa ukoo akaenda mahakamani akidai mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ilikwenda kinyume cha katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume.

Kanda hii nayo ina wanawake waliofungua njia mahakamani. Julie Manning alikuwa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu ya Tanzania miaka ya 1970. Effie Owuor wa Kenya na Laeticia Kikonyogo wa Uganda walifuata katika nchi zao miaka ya 1980. Maisha yao yangemtosha mwandishi wa riwaya wa hapa nyumbani, kama yupo anayetafuta kisa.

Maswali ya Perveen kwa mwenye duka

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, faida ya vitabu hivi haiishii kwenye kumjua muuaji. Maswali ya Perveen yanafaa kuulizwa mezani kabla ya kuweka saini au dole gumba, iwe kwenye karatasi ya mirathi, ya mkopo au ya ubia.

Karatasi imeandikwa kwa lugha gani, na aliyeitafsiri ni nani? Hati nyingi za Bujumbura ziko kwa Kifaransa, wakati mama anayezisaini hufanya biashara yake kwa Kirundi na Kiswahili. Je, mfasiri huyo ndiye atakayepata mali? Nakala inabaki kwa nani? Kuna siku ngapi za kufikiri kabla ya kusaini? Na mali iliyoko upande wa pili wa mpaka, kama stoo ya Kigoma au kiwanja cha Uvira, inafuata sheria ya nchi gani?

Yapo ya kufanya pia wakati wote wawili wangali hai. Mume na mke wanaweza kuandikisha majina yao yote mawili kwenye hati ya nyumba na kwenye usajili wa biashara, kuandika wasia mbele ya noteri, na kuweka nakala ya kila karatasi mahali ambapo kila mmoja wao anapajua. Katika riwaya ya Massey, wajane watatu walikaa ndani ya nyumba moja bila kujua mali yao ni kiasi gani. Walianza kujua siku mtu wa kwanza alipoketi nao na kuwasomea.