Aliyepiga Ni Mtu, Si Roho ya Chui

"Si mtu aliyenipiga, mwalimu. Ni roho ya chui."

Maneno hayo niliambiwa mwaka 1993 na mvulana wa kidato cha kwanza, katika shule moja ya bweni huko Kakamega, huku mkono wake wa kushoto umevimba mithili ya gogo la mgomba. Ingawa maumivu yalikuwa makali, alikataa katakata kumtaja aliyemtenda.

Nilikuwa mwalimu kijana, na zamu ya juma hilo ilikuwa yangu. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimegundua kwamba baada ya chajio baadhi ya wavulana hutoweka, kisha hurejea kabla ya kengele ya kulala wakiwa na umande miguuni. Jioni hiyo niliwafuata. Nje ya ua wa shule, katika uwazi mdogo ukingoni mwa msitu, nilikuta chuo kizima. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamejipanga safu, kila mmoja na mnyama wake: huyu Nyoka, yule Korongo, mwingine Simbamarara, na juu yao wote Chui Mkuu, mvulana wa kidato cha tatu. Aliyetaka kuingia aliapa kutotoa siri, kisha alitakiwa kustahimili mapigo matatu ya Chui Mkuu bila kulia. Yule mdogo alistahimili mawili. La tatu lilimvunja mfupa.

Asubuhi yake walimu tulikutana. Wakati huo kiboko kilikuwa bado halali. Hakikupigwa marufuku katika shule za Kenya hadi mwaka 2001. Wote kumi na wawili walichapwa, na Chui Mkuu akafukuzwa. Nami niliinua mkono kuunga mkono uamuzi huo. Hakuna aliyemwuliza kijana yule alikuwa akitafuta nini kule gizani. Muhula haukuisha kabla sijasikia kwamba chuo kimehamia uwazi mwingine na kimepata Chui Mkuu mpya. Tulikuwa tumemwondoa mtu, tukaiacha siri.

Msomaji mpendwa, tusijidai kushangaa walikoyapata mambo hayo. Tangu Bruce Lee alipovuma duniani kwa filamu ya Enter the Dragon mwaka 1973, kungfu ilienea hadi katika kumbi za video za miji yetu midogo. Mwaka 1978 Jackie Chan aliigiza Snake in the Eagle's Shadow, ambamo mitindo ya nyoka na tai hupambanishwa. Kijana aliyelipa shilingi zake chache alitoka ukumbini akiamini kwamba mnyama humwingia mtu na kumpa nguvu ambazo hakuzaliwa nazo.

Lakini Wachina wenyewe walianzia wapi? Mapokeo yao humtaja tabibu Hua Tuo, aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, kuwa ndiye aliyebuni mazoezi ya kuiga simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Shabaha yake haikuwa kumvunja mtu mfupa, bali kunyoosha viungo na kuepusha maradhi. Hata ile mitindo mitano ya joka, simbamarara, chui, korongo na nyoka, inayonasibishwa na hekalu la Shaolin lililojengwa mwaka 495, hutaka mwanafunzi ajifunze kwa miaka mingi chini ya jicho la mwalimu anayejulikana. Kumwiga mnyama ni kumchunguza kwa makini. Filamu iliwaonyesha vijana wetu pigo, ikawaficha miaka ya nidhamu iliyotangulia pigo hilo.

Mnyama akitiwa katika siri, mambo hugeuka. Kaskazini-mashariki mwa Kongo, wakati wa utawala wa Wabelgiji, walikuwapo Anioto, yaani watu-chui. Walijivika mavazi ya madoadoa, wakashika makucha ya chuma, wakaua watu ili majeraha yaonekane kuwa ya mnyama. Serikali ya kikoloni iliwasaka na kuwanyonga baadhi yao. Sisemi kwamba wanafunzi wangu walikuwa wauaji. Nasema kwamba hila ni ileile: mtu anatenda, kisha chui anabebeshwa lawama. Mvulana mwenye mkono uliovunjika alikuwa amefundishwa somo hilo barabara.

Na hapa ndipo ninapowaonea haya wazee wa Isukha na Idakho, kwa kuwa jawabu lilikuwa mlangoni petu wala hatukuliona. Nani katika Kakamega asiyejua pigano la fahali? Asubuhi na mapema, huko Khayega, Malinya au Shinyalu, fahali hupelekwa uwanjani kwa nyimbo na ngoma ya isukuti. Fahali ana jina. Mwenyewe anajulikana, ukoo wake unajulikana, na siku ya pigano inajulikana. Fahali wanagongana pembe hadi mmoja atakapogeuka na kukimbia, na hapo shindano limekwisha. Hatari ipo, na watu wameumia. Sidai kwamba mchezo huo hauna dosari. Lakini angalia tofauti. Uwanjani mnyama ndiye apiganaye, na mwanadamu husimama hadharani kama mwenyewe. Katika kile chuo cha siri mwanadamu ndiye apiganaye, na mnyama ndiye anayetajwa.

Isukuti yenyewe, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwani mafundi wake wanazeeka na vijana wanaorithi ni wachache. Basi nguvu walizokuwa nazo wavulana wale kumi na wawili zilihitajiwa karibu sana na bweni lao.

Kuna jambo jingine. Simbamarara hajapata kuwa mnyama wa pori la Afrika, ilhali wanafunzi wangu waliujua mwendo wake kuliko wa mbega waliokuwa wakiruka juu ya vichwa vyao. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mashariki kabisa ya msitu wa mvua wa Afrika ya kati. Mtaalamu Marina Cords, kutoka Marekani, alianza kuwachunguza kima wa msitu huo mwaka 1979, akaendelea kwa zaidi ya miaka arobaini. Kutokana na uchunguzi huo tunajua kwamba makundi mawili yanapogombea mpaka, aghalabu majike ndio huwa mstari wa mbele. Chui Mkuu angelijua hilo, pengine angelipunguza majigambo.

Walimu wenzangu, kiu ya kijana ya kujipima nguvu haizimwi kwa kumfukuza. Ipeni uwanja, saa, kanuni na mwalimu mwenye jina. Judo, karate, mieleka, ndondi na isukuti, vyote vyaweza kufundishwa mchana, mlango ukiwa wazi. Wapelekeni msituni wakiwa na daftari. Na mkigundua chuo cha siri, ulizeni kwanza kinatoa nini ambacho shule haikutoa.

Nanyi wanafunzi, mna kipimo chepesi. Mkiitwa mahali ambapo anayepiga hana jina na anayepigwa haruhusiwi kusema, ondokeni, hata kama mtaitwa waoga. Fahali anayegeuka na kuondoka uwanjani hahesabiwi kuwa mkosaji.

Mkono wa yule mdogo ulipona, akamaliza masomo yake. Chui Mkuu sijui alikoishia, nami ni mmoja wa walioinua mkono. Tulimtaka mvulana wa kidato cha kwanza ataje jina la aliyemvunja mfupa. Haki inadai nasi tutaje yetu.