Kanuni ya Injini na Haki ya Mnyonge

Mnyonge hana haki, walinena wahenga. Kazi ya sheria ni kuikanusha methali hiyo, na sheria isiyoweza kuikanusha ni karatasi tupu.

Leo safu yetu inachukua mfano kutoka Marekani, katika mashindano ya magari ya gharama ndogo. Haya ni magari kuukuu ya nyumbani, yaliyoondolewa viti na vioo na kutiwa kizimba cha vyuma cha kumlinda dereva, yanayoshindana katika viwanja vya udongo vya miji midogo. Wengi wa washindani ni mafundi, wakulima na vibarua. Swali linalowagombanisha kila msimu ni moja: kipuri gani cha injini ni halali, na kipi ni haramu?

Ugomvi huu si wa jana. Tarehe 19 Juni 1949, chama cha NASCAR kiliandaa huko Charlotte, North Carolina, shindano lake la kwanza la magari yasiyobadilishwa. Glenn Dunaway alifika wa kwanza. Wakaguzi walipoinama chini ya gari lake walikuta springi za nyuma zimeongezwa ugumu, kama walivyofanya wasafirishaji wa pombe ya magendo. Ushindi akapewa Jim Roper wa Kansas. Mwenye gari alikwenda mahakamani, na kesi yake ikatupwa.

Kumbe hukumu ile ilikuwa nyepesi, kwani springi huonekana kwa macho. Injini ni sanduku lililofungwa. Kanuni ikisema vipuri vyote viwe vya asili vya kiwandani, msikilizaji hudhani maskini amelindwa. Lakini silinda ya injini kuukuu huchakaa, na haina budi kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Je, hapo asili imevunjwa? Tena kiwanda kikiacha kutoa kipuri fulani, kile cha asili huadimika na bei yake hupanda, ilhali cha viwanda vingine huuzwa rahisi. Ndipo kanuni iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge humlazimisha mnyonge kununua kilicho ghali.

Waandaaji wenye busara waliiacha njia hiyo. Huruhusu silinda kuchongwa hadi kipimo kilichotajwa, lakini huibana kabureta. Injini haiwezi kuunguza petroli zaidi ya ile inayolingana na hewa inayoingia. Ikiwa njia ya hewa ni nyembamba, vipuri vya thamani vilivyofichwa ndani hupoteza sehemu kubwa ya faida yao. Na kabureta hupimwa kwa nje, kwa kipimo kidogo cha mkononi, mbele ya washindani wote.

Wengine hutumia injini inayotoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa boliti maalumu, mfano wa lakiri. Kampuni ya General Motors huuza injini ya namna hiyo yenye nguvu za farasi zipatazo 350. Boliti ikiguswa, hila imejulikana. Hata hivyo, asiye na fedha ya kununua injini mpya hubaki nje ya uwanja.

Njia ya tatu ndiyo inayotupendeza zaidi. Kanuni hutaja bei ndogo, na mshindani aliyeshindwa huruhusiwa, mara shindano linapokwisha, kutoa fedha hizo na kuichukua injini ya mshindi. Mshindi akikataa, hupoteza zawadi na pointi zake. Nani basi atatia mali nyingi katika injini inayoweza kuondoka jioni ile ile kwa bei ya kutupa? Hapo ulinzi wa sheria umetoka mikononi mwa mkaguzi peke yake, ukawekwa pia mikononi mwa mnyonge mwenyewe. Ila njia hii nayo ina kasoro: mwenye chuki anaweza kuichukua injini ya mwenziwe kwa ajili ya kumkomoa tu. Kwa hiyo kanuni hueleza nani ana ruhusa ya kudai, na katika muda gani.

Pamoja na hayo yote, maandishi yenyewe yasiwe na tundu. Fundi mashuhuri Smokey Yunick alisimulia kwamba kanuni ilitaja ukubwa wa tangi la petroli, ikanyamaza kuhusu bomba lake. Yeye akatia bomba nene la urefu wa futi 11, likabeba petroli ya ziada. Hakuvunja neno lolote lililoandikwa.

Ndugu zetu wenye dhamana ya kutunga kanuni hapa visiwani, iwe ya leseni, ya mizani za sokoni au ya nyavu za wavuvi, wana la kujifunza. Kabla ya kutia sahihi, na wajiulize: kanuni hii yaweza kukaguliwa bila ya kumtafuta mtaalamu wa gharama? Je, inamwongezea mnyonge gharama kwa jina la kumlinda? Na yeye mwenyewe, akiona amedhulumiwa, amepewa njia gani ya kujitetea siku hiyo hiyo? Ikiwa majibu hayapo, rasimu irudishwe mezani kabla haijawafikia wananchi.