Choo Kinapohama

Si jambo la kulaumiwa mwananchi wa Mji Mkongwe wa Unguja kulitengeneza upya bafu la nyumba yake. Twahara ni katika heshima ya mtu na ya mji. Lakini mara nyingi mwenye nyumba huanza kwa kuchagua vigae, kisha huamuru choo kihamishwe kutoka ukuta huu hadi ule, bila ya kujiuliza swali lililo kubwa: maji machafu yatapita wapi?

Ifahamike kwamba choo huhama pamoja na bomba lake. Bomba lenye upana wa milimita 100 lahitaji mteremko wa kiasi cha sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kikisogezwa mita 4 kutoka bomba kuu, hapana budi njia hiyo ishuke sentimita 10. Mteremko ukikosekana, uchafu hulala njiani na bomba huziba.

Nafasi hiyo ni shida kuipata katika nyumba zetu za kale. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko. Fundi asiyejua huzikata boriti ili alifiche bomba, na hapo huwa ameukata mgongo wa nyumba. Tena bomba likivuja, chokaa hunywa maji kimya kimya, boriti huoza, na jirani wa chini ndiye wa kwanza kuona doa katika dari yake.

Basi rai yetu ni hii. Choo kibakie karibu na bomba lake la zamani kila inapowezekana. Kikilazimika kuhama, mpango uanzie chini kwenye karo, ndipo upande hadi bafuni. Boriti zisiguswe, na bomba lijaribiwe kwa maji kabla vigae havijawekwa. Mwananchi aombe kibali mapema kwa mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe. Nao ndugu maofisa wasikicheleweshe mezani, bali wapande ngazi wakaitazame sakafu kwa macho yao.

Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Heshima hiyo imo katika milango ya nakshi, na imo vilevile katika bomba lililofichika. Mwenye kuoga juu na amkumbuke anayelala chini.