Rangi ya lori la majini: Msasa ndio shahidi

MTU aliyewahi kununua gari lililotumika anajua la kufanya kabla hajatoa fedha mfukoni. Hufungua buti, akainua zulia, akachungulia kwenye bawaba za milango. Huko ndiko fundi wa rangi husahau kupuliza, na huko ndiko gari husema ukweli wake: lilikuwa jeupe, leo linauzwa kama la bluu.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaofanya upelelezi huo huo kwa zana za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yakiwamo malori yaliyokwenda barabarani na kuogelea majini. Maarufu kuliko yote ni DUKW la kampuni ya GMC, ambalo askari walilipa jina la "bata" kwa sababu herufi hizo zikitamkwa kwa Kiingereza hufanana na jina la ndege huyo. Zenyewe hazina habari na bata. Ni alama za kiwandani tu: D ilionyesha mwaka 1942, U gari la nchi kavu na majini, K kwamba magurudumu ya mbele nayo yanasukumwa na injini, na W ekseli mbili za nyuma.

Yalitengenezwa zaidi ya 21,000. Barabarani lilifika kilometa 80 kwa saa, majini kama 10 hivi, na dereva aliweza kupunguza au kuongeza upepo wa matairi akiwa kitini ili asikwame mchangani. Yalitumika kwa wingi Sicily Julai 1943, kisha Normandy Juni 1944.

Vita ilipokwisha, mengi yaliuzwa kwa raia. Huko Wisconsin Dells, Marekani, yalianza kubeba watalii mwaka 1946. London nako yalizungusha watalii yakiwa yamepakwa rangi ya manjano, wakaingia nayo mto Thames, hadi mwaka 2017. Kwa hiyo anayenunua lori kama hilo leo ili alirudishe katika hali ya vita hununua pia tabaka za rangi za miaka mingi.

Hapo ndipo msasa unapofanya kazi. Mrekebishaji makini hachukui tindo na kukwangua bodi nzima. Hutafuta mahali palipojificha, nyuma ya kibao au chini ya kiti, akasugua taratibu kwa msasa laini na maji mpaka zitokee duara ndani ya duara, kama pete za mti uliokatwa. Manjano ya utalii, kisha nyeupe, kisha kijani, na mwisho rangi ya kuzuia kutu. Akiwa na bahati, namba ya jeshi nayo hujitokeza pembeni.

Kijani hicho si kijani chochote. Marekani ilikipata kwa kuchanganya manjano ya udongo na nyeusi, na wakati wa vita kilitakiwa kisimetemete hata kidogo, kwani chuma kinachong'aa huonekana na rubani wa adui. Lori linalomeremeta kama basi jipya linaweza kupendeza kwenye maonyesho, lakini mng'ao huo ni wa miaka ya baada ya vita. Aidha, sampuli iliyochukuliwa palipopigwa na jua hudanganya, maana rangi ilikwisha kupauka.

Alama zina utata zaidi. Nyota nyeupe ya jeshi la Marekani iliwekewa kanuni mwaka 1942, lakini Afrika Kaskazini baadhi ya vikosi viliipaka manjano. Baadaye ikaonekana kwamba kwa mbali nyota hiyo huweza kudhaniwa kuwa msalaba wa Wajerumani, na mwaka 1943 ikazungushiwa duara. Kabla ya Normandy baadhi ya duara hizo zilijazwa rangi maalumu iliyogeuka ikiguswa na gesi ya sumu. Basi anayechora duara kwenye gari analodai lilikuwa Afrika mwaka 1942 amechanganya nyakati.

Wajerumani nao walikuwa na Schwimmwagen, gari dogo la Volkswagen lenye rafadha nyuma. Hadi mwanzoni mwa 1943 rangi ya kawaida ya magari yao ilikuwa kijivu cheusi. Kisha ikaja manjano iliyokoza. Vikosi vilipewa makopo ya rangi nzito, ya kijani na ya hudhurungi, wakaiyeyusha kwa petroli au maji na kujipakia wenyewe. Ndiyo maana ni vigumu kukuta magari mawili yaliyofanana, na asiye na picha ya zamani hubaki kubahatisha.

Tatizo ninaloliona mimi ni upendeleo. Normandy inajulikana, ina sinema na sherehe, hivyo wengi huchora alama za huko. Lakini "bata" walifika pia Burma, kwenye vita ya Jeshi la 14 ambalo Waingereza wenyewe waliliita jeshi lililosahauliwa. Katika jeshi hilo ilikuwamo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, iliyosonga mbele bondeni Kabaw mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Hospitali ya mstari wa mbele kutoka Kongo ya Wabelgiji iliwahudumia majeruhi wake. Wazee wa pande zetu walirudi kutoka huko.

Alama ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru, yaani mnyama, si zana ya vita. Picha zake zimehifadhiwa Imperial War Museum, London. Anayerekebisha gari lililopita Burma, na akapata ushahidi kwamba lilikuwa la divisheni hiyo, anaweza kuanzia hapo kabla hajashika brashi.