Sura ya Nne: Taa za Gari na Kimya cha Tairi

Dereva aingiapo garini asubuhi, akauzungusha ufunguo hatua moja kabla ya kuiwasha injini, dashibodi nzima humwakia mbele ya macho kama mtaa uliopambwa kwa harusi: nyekundu hapa, manjano kule, picha ya birika, picha ya betri, picha ya injini, kisha injini ikishika, taa zile huzimika moja baada ya moja mpaka isibakie ila ile inayostahili kubakia, yaani taa ya breki ya mkono. Wengi huupita muda ule mfupi kwa haraka, macho yao yakiwa kwenye kioo au kwenye simu. Mimi nauhesabu kuwa wakati wenye thamani kuliko wote katika safari, kwa sababu ni wakati pekee ambapo mashahidi wote wa gari huitwa, nao hutakiwa kuitika. Taa isiyowaka wakati huo haina habari njema. Ni shahidi aliyekufa au aliyenyamazishwa. Katika biashara ya magari yaliyotumika wako wauzaji wasio na amana, ambao hung'oa balbu ya taa ya injini au ya mfuko wa hewa ili mnunuzi asiione ikiwaka. Na mnunuzi aliyezoea kutazama ni taa zipi zimezimika, bila kutazama kwanza ni zipi zilizowaka, huondoka na gari bovu ilhali moyo wake umejaa furaha.

Alama za taa hizo zimepangwa katika kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 2575, na hiyo ndiyo sababu birika la oili lililochorwa katika gari la Japani hufanana na lililochorwa katika gari la Ujerumani, hata kama maandishi ya pembeni ni ya Kijapani ambayo mtu wa Tanga au wa Mombasa hawezi kuyasoma. Nyekundu ni amri ya kusimama mahali pa salama. Manjano ni nasaha ya kwenda kwa hadhari na kumwona fundi mapema. Kijani na buluu ni habari tu. Hayo hufundishwa katika kila shule ya udereva, nami sitayarefusha. Neno ambalo aghalabu halifundishwi, nalo ndilo lililonifanya niiandike sura hii, ni kwamba taa nyingi za gari huja na habari ya jambo lililokwisha kutokea, na pengine lililokwisha kukua, hata dereva anayezitegemea hizo peke yake huwa amekubali kuwa mtu wa mwisho kupata habari za msiba wa gari lake mwenyewe.

Tuchukue birika jekundu la oili. Madereva wengi hudhani kwamba hupima wingi wa oili, wakaamini kwamba maadamu halijawaka, oili ipo ya kutosha. Sivyo. Swichi inayoliwasha hupima shinikizo, wala haijui ni lita ngapi zimo ndani. Pampu huivuta oili kutoka katika bakuli lililo chini ya injini na kuisukuma katika vijia vyembamba mpaka kwenye beringi za krenki, na pale oili hufanya utando mwembamba mno ambao chuma huelea juu yake pasipo kukigusa chuma kingine. Oili yaweza kupungua kwa lita nzima na zaidi, na pampu bado ikapata ya kuvuta, na birika likabaki limezimika kwa amani ya uongo. Kisha siku moja, katika kona kali au katika breki ya ghafula, ile oili chache iliyosalia hukimbilia upande mmoja wa bakuli, mdomo wa pampu ukavuta hewa, na birika likamweka mara moja likazimika. Mmweko huo mfupi ndio ambao dereva mwenye haraka husema, "Labda ni waya." Aliye na busara husimama. Taa ikiwaka ikatulia, utando ule umekatika, na dakika chache za kuendelea kwenda zatosha kuziunguza beringi na kuifanya injini nzima kuwa chuma chakavu.

Mjomba wangu, aliyeendesha lori baina ya Dar es Salaam na Iringa kwa miaka mingi, hakupata kuanza safari hata siku moja pasipo kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta kwa kitambaa, kukirudisha na kukichomoa tena, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa. Nilipokuwa kijana nisiyejua kitu nilimwuliza, "Mjomba, taa haijawaka, mbona unajisumbua?" Akanijibu pasipo kuinua uso, "Mjomba, taa ikiwaka mimi nimekwisha chelewa." Nilihitaji miaka mingi, na injini moja iliyonifia mwenyewe, kuielewa kauli ile kwa ukamilifu wake.

Njia hiyohiyo ya Iringa ndiyo iliyonifunza habari za joto. Msafiri akitoka Mikumi hushuka katika bonde la Ruaha Mbuyuni, ambako jua la mchana huwaka bila huruma, na mara baada ya bonde lile huanza kuukwea mlima Kitonga, wenye kona zilizobanana na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapo injini hufanya kazi kubwa kuliko mahali pote pengine, na wakati uo huo upepo unaopita katika rejeta ni mdogo kuliko mahali pote pengine, kwa kuwa gari haliendi. Katika baadhi ya magari madogo ya Japani hakuna mshale wa joto kabisa: ipo taa ya buluu inayosema kwamba injini bado baridi, na ipo taa nyekundu inayosema kwamba imepita kiasi, na baina ya hizo mbili ni kimya kirefu ambacho ndani yake maji yaweza kupungua siku baada ya siku pasipo dereva kuambiwa neno. Tena maji yakikauka kabisa, kipima joto kilichobaki hewani huweza kutoa habari ya uongo, hata injini ikaungua huku ikionekana nzima.

Taa hiyo nyekundu ya joto ikiwaka, zima kiyoyozi, fungulia hita mpaka mwisho ili joto lipate mlango mwingine wa kutokea, tafuta mahali pa kusimama, zima injini, kisha subiri. Usikiguse kifuniko cha rejeta. Maji yaliyofungwa ndani yake hukaa chini ya shinikizo, na kwa nguvu ya shinikizo hilo huweza kupita nyuzi 100 pasipo kuchemka. Ukikifungua kifuniko, shinikizo huondoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Nusu saa ya kungoja si kitu mbele ya uso wa mtu. Na hapa sina budi kusema jambo ambalo litawaudhi mafundi kadhaa: desturi ya kuing'oa thamostati na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto, ni desturi mbaya. Injini imeundwa ifanye kazi katika joto lake maalumu. Ikinyimwa joto hilo hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi, na ugonjwa wa kweli, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji matupu yasiyo na kulanti, hubaki palepale.

Taa ya betri haisemi kwamba betri ni mbovu, bali kwamba oltaneta haiichaji, na huenda mkanda umekatika. Na kwa kuwa katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, tazama joto pia. Taa nyekundu ya breki, ikiwa breki ya mkono umekwisha iachia, huashiria aghalabu kwamba mafuta ya breki yamepungua, nayo hupungua ama kwa kuvuja ama kwa sababu pedi zimekwisha. Mwenye kujazia mafuta na kuondoka ameificha dalili na kuuacha ugonjwa. Taa ya manjano ya injini ikiwaka kwa utulivu inakupa wasaa wa kufika kwa fundi mwenye mashine ya kuisoma, lakini ikiwa inapepesa, punguza mwendo hima: mafuta yasiyochomwa yanapita katika ekzosi na kukiunguza kile chombo cha kusafishia moshi, ambacho bei yake huumiza.

Ikiwa taa zenye ndimi huchelewa hivyo, itakuwaje kwa kiungo kisicho na ulimi? Baada ya matairi mengi kupasuka barabarani na kuua watu, Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, na kuanzia mwezi Septemba mwaka 2007 kila gari jipya dogo la huko lilitakiwa kuwa na taa ya upepo wa matairi, yenye alama ya kiatu cha farasi kilichobeba alama ya mshangao. Hata taa hiyo huruhusiwa kungoja mpaka upepo upungue kwa robo nzima, kwa maana kwamba tairi lililopasa kuwa na psi 32 laweza kushuka mpaka 24 kabla ya dereva kuarifiwa. Mengi ya magari yetu yaliyotoka Japani hayana hata hiyo. Tairi lao ni bubu.

Nasema upepo, kama wasemavyo mafundi wetu wa pancha, na naona kwamba neno lao lina hekima. Mskoti Robert William Thomson alipopata hataza ya gurudumu la hewa mwaka 1845, na mwenzake John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alipolivumbua upya mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, walichokigundua ni kwamba mpira ni mfuko tu, na kinachoubeba mzigo ni hewa iliyomo. Gari zima hugusa ardhi kwa vipande vinne, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mtu mzima. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjika kila unapofika chini na kukunjuka unapopanda; na tairi la kawaida la 195/65R15 huzunguka mara 500 hivi katika kila kilomita, basi safari ya kilomita 100 ni mikunjo 50,000. Kila mkunjo huzaa joto, joto huulegeza mpira na kuutenganisha na nyuzi zake, na tairi hupasuka mchana, katika mwendo wa kasi, gari likiwa limejaa watu.

Pima upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo unachokiamini. Kiasi kilichoamriwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, mathalan kilopaskali 220, ambazo ndizo psi 32 za kipimo cha vituo vya mafuta. Nambari iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, wala siyo kiasi cha kujaza. Tairi likipata moto safarini upepo hupanda wenyewe, kama psi moja na nusu kwa kila nyuzi 10, na anayeupunguza mchana kwa hofu atalikuta laini kesho alfajiri.

Kisha lisome, kwa sababu tairi, ingawa halisemi, huandika. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika mabega yote mawili, umepungua. Likilika upande mmoja tu, magurudumu hayako sawa na yapelekwe kwenye alaimenti. Ndani ya mifereji mna vidaraja vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6; uso wa tairi ukiwa sawa navyo, tairi limekuwa kipara, na katika mvua litaelea juu ya maji. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, hukauka na kupasuka nyufa, na kwa hiyo tairi la mitumba lenye mifereji mizuri na umri wa miaka kumi ni hatari iliyopakwa rangi. Ukinunua mawili mapya, yatie nyuma, ingawa fundi atataka kuyatia mbele: matairi ya mbele yakiteleza dereva huhisi katika usukani na kupunguza mwendo, bali ya nyuma yakiteleza gari hugeuka kabla hajajua. Pancha ya ubavuni haizibwi kwa utambi wala kwa kiraka.

Spea nayo ipimwe pamoja na mengine, maana hulala miaka gizani. Na gurudumu lililofunguliwa, kwa sababu yoyote ile, nati zake hukazwa kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, halafu hukazwa tena baada ya kilomita 50 au 100, kwa kuwa rimu hukaa vema baada ya kwenda. Mjomba wangu alifanya hivyo Chalinze, kabla hata ya kuagiza chai, akizunguka lori na spana mkononi huku turniboi wake akimngoja mezani. Na mara mbili katika safari nilizofuatana naye niliona nati, aliyoikaza yeye mwenyewe alfajiri Dar es Salaam, ikizunguka robo nzima kabla ya kushika.