Unafanya Yoga Kimya Kimya? Edonga ya Waturkana Ina Kitu ya Kukufunza

Wewe msee wa yoga, jibu swali moja tu. Ukiwa umejikunja hapo kwa mkeka, pumzi yako iko wapi? Wengi wenu mmeizuia. Mguu unatetemeka, meno mmekaza, mnangoja tu mwalimu aseme basi. Halafu usiku unalala ukiangalia mabati, akili haizimi, unashangaa mbona yoga haikusaidii.

Jaribu kuongeza sauti. Huwezi kuimba na uzuie pumzi, haiwezekani, jaribu saa hii uone. Ukitoa sauti ndefu, hewa inatoka pole pole. Na sauti ikianza kuyumba, hiyo ni mwili unakuambia umejisukuma sana, rudi nyuma kidogo. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Na usidhani ni kitu ya wazungu wa Karen. Cheki Longech, kale kaulimi ka mchanga kanakotenganisha Ferguson's Gulf na Ziwa Turkana, pale karibu na Kalokol. Hao ni wavuvi, na hakuna mtu atakuuliza kama una mkeka. Lakini Waturkana wakiingia edonga, utaona kila kitu mwalimu wa yoga anajaribu kukufunza. Mmoja anaanzisha, kundi linajibu, makofi yanalia, watu wanaruka na kutua pamoja. Ukiruka huku unaimba, lazima upumue kwenye nafasi ambayo wimbo umekuachia. Hakuna anayehesabu pumzi. Wimbo ndio unahesabu. (Ukitoka Lodwar kwenda Kalokol utapita mawe ya Namoratunga. Stori ya wazee ni kwamba hao walikuwa watu wakicheza, wakageuzwa mawe. Usiogope, endelea kusoma.)

Wanasayansi nao wamepima hii mambo. Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walichapisha utafiti kwa jarida la BMJ. Walichukua watu 23, wakawaambia wasali rozari kwa Kilatini, halafu wakariri mantra ya yoga. Zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, na mtu wa kawaida akitulia hupumua kama mara 12 hadi 20. Mwaka uliofuata, watafiti wa Sweden, Weitzberg na Lundberg, wakapata kwamba ukivuma mdomo ukiwa umefungwa, gesi ya naitriki oksidi inayotoka puani inaongezeka mara 15 kuliko ukipumua kimya. Hiyo gesi hupanua mishipa ya damu.

Sasa najua kuna siste hapa ashaanza kukemea: hiyo "Om" ni ya mashetani! Poa, tuongee. "Om" ni sauti takatifu kwa Wahindu, na Wabuddha pia wanaitumia, kwa hivyo si ya kuchezea. Kama imani yako inakataa, wachana nayo, na mwalimu akikulazimisha, beba mkeka wako uende. Lakini soma tena hiyo utafiti ya Italia: Salamu Maria ilifanya kazi ile ile. Muislamu ana dhikri. Mturkana ana Akuj. Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, kuna lugha kibao, na kila moja ina wimbo wa kumlaza mtoto. Chukua wako.

Hutaki maneno kabisa? Anza na bhramari, pumzi ya nyuki. Kaa wima, vuta hewa kwa pua, funga mdomo, legeza taya, halafu vuma "mmm" mpaka hewa iishe yenyewe. Usiikamue. Rudia mara 6. Utaskia mtetemo kwa pua na mashavu. Ukibadilisha iwe "aaa," mtetemo unashuka kifuani. Ukizoea, ingia kwa pozi zako na utoe sauti kila ukishusha pumzi, hasa ile pozi unayoichukia. Kichwa kikizunguka, simama upumue kawaida. Na kama una presha ama una mimba, usizuie pumzi hata kidogo.

Kwa wasee wa Turkana: fanya alfajiri kabla jua halijakasirika, na ukiwa ufuoni upe upepo mgongo, la sivyo utaimba mchanga.

Aibu ndio noma kubwa, hasa ukiishi ploti yenye jirani anaskia hata ukikohoa. Tafuta mbogi. Africa Yoga Project huko Nairobi wamekuwa wakifunza vijana kuwa walimu tangu 2007, lakini hata watu watatu wanatosha: mmoja aanzishe, wawili wajibu, na msibadilishe pozi mpaka jibu liishe.